Mayai Yaliyogoma Kupasuka

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa sita kasoro dakika kumi mchana, Pamela Akoth alifungua mlango wa chumba cha mayai katika maabara ya Gikondo, Kigali, na kumkuta Dennis Kiprotich amelala kifudifudi sakafuni. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka. Chumba kizima kilinuka mayai viza.

Pamela alipiga magoti, akamgusa shingo, akasimama. Alikimbia hadi getini bila kupiga kelele. Kelele zilimtoka alipomwona mlinzi.

Mpelelezi Jean-Berchmans alifika saa sita na nusu. Viatu vyake vilikuwa na matope ya mtaro wa Rwezamenyo, maana asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, kila mtu huwa mtaani kwake na jembe au fyekeo, na magari hayatembei mpaka saa tano kazi inapokwisha. Siku hiyo mvua ilianza kunyesha watu walipokuwa wakikusanya majembe, na bado ilikuwa inanyesha.

Maabara ilikuwa ghala la zamani la kahawa, kati ya gereji na kanisa. Jean-Berchmans alifunika pua kwa leso akaingia. Aliangalia maiti kwanza. Pigo moja, kutoka nyuma, kwa kitu kizito. Karibu na mkono wa marehemu palikuwa na chupa ndogo ya kahawia iliyopinduka, na kilichomwagika kutoka humo ndicho kilichonuka. Kilikuwa kimesambaa sakafuni na mtu alikuwa amekikanyaga.

Juu ya meza palikuwa na visahani viwili vya kioo. Ndani yake mlikuwa na mayai ya chura, madogo kama punje za uwele. Katika kisahani cha kwanza mayai yote yalikuwa mazima. Katika cha pili yalikuwa yamepasuka yote na maji yamekuwa kama uji. Meza haikutikiswa, hakuna tone lililomwagika pembeni. Jean-Berchmans aliinama akanusa. Kisahani cha mayai mazima hakikuwa na harufu. Kile cha uji kilinuka kama ile chupa.

Hakuelewa, lakini alikiweka kichwani.

"Hii inayonuka ni nini?" alimuuliza Pamela, aliyekuwa amesimama koridoni na sketi iliyolowa magotini.

"Ni dawa ya kazi yangu, Afande. Inakaa chumba changu, kule mwisho."

"Na huku imefuata nini?"

Pamela aliangalia chini. "Sijui."

Alikuwa Mkenya, fundi wa maabara, wa makamo, na hakujua kudanganya. Jean-Berchmans aliliona hilo mara moja, nalo halikumpendeza. Mtu asiyejua kudanganya akidanganya, ana sababu kubwa.

Saa saba na robo aliingia Daktari Eustache Gatera, mwenye maabara. Alivaa suti safi na marashi yake yalimtangulia. Alisimama mlangoni, akamtazama Dennis, akafumba macho kidogo.

"Ulikuwa wapi leo, Daktari?"

"Umuganda, mtaani kwangu Kicukiro. Majirani wote wameniona. Ulipoisha nikapita hapa kuchukua boksi la dawa, saa tano na dakika chache. Sikukaa hata robo saa."

"Ulimwona Dennis?"

"Kupitia kioo cha mlango. Alinipungia mkono. Sikuingia, nilikuwa na matope. Korido haikuwa na harufu yoyote."

"Boksi liko wapi?"

"Nyumbani. Ni dawa ya wagonjwa wa kwanza, tunaanza Jumanne. Siwezi kuiacha mahali penye mambo kama haya." Kisha akamtazama vizuri. "Wewe si mume wa Gaudiose? Mama Annick? Yumo kwenye kundi la kwanza."

"Ndiye mimi."

"Pole, ndugu yangu. Kazi yenu hii."

Jean-Berchmans alitoka nje, akasimama chini ya bati, akampigia mkuu wake. "Mkuu, mke wangu ni mgonjwa wa hawa watu. Nipe mtu mwingine achukue kesi."

"Mtu mwingine yuko Musanze, kaskazini. Endelea. Ukiona moyo unapinda, nipigie."

Moyo ulikuwa umeanza kupinda tayari. Gaudiose alikuwa na saratani ya titi, nayo ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Mwezi wa tatu Daktari Eustache aliwakalisha wote wawili akawaeleza kwa Kiswahili chepesi. Mwili wa seli una vijimlango vya kupitisha maji. Seli ya saratani inajijazia vijimlango hivyo kupita kiasi. Inapotaka kuhama, inaingiza maji upande wa mbele, upande huo unavimba, unajisukuma, nayo inapenya kati ya seli nyingine kama mtu anayetanguliza bega kwenye umati. Hivyo ndivyo inavyotoka kwenye titi na kufika kwenye mapafu. Ziba milango, alisema, na saratani itakaa pale ilipo.

Jean-Berchmans alielewa. Gaudiose alielewa zaidi. Aliacha kwenda hospitali kwa dawa ya dripu, iliyomng'oa nywele na kumtapisha, akasema atangoja hii. Alikuwa ameruka mizunguko miwili. Mumewe hakumkataza.

Mlinzi wa getini aliitwa Salvator, Mrundi, mwenye koti la mvua lisilomtosha.

"Nani na nani wameingia leo?"

"Dennis aliingia asubuhi, kabla ya umuganda. Yeye analala karibu, anakuja na miguu. Halafu hakuna mtu mpaka saa tano. Daktari akakuja na gari. Akatoka. Halafu Mama Akoth. Halafu makelele."

"Daktari alikaa sana?"

"Hapana. Mimi nilimfungulia mara mbili, mvua iko inapiga mpaka ndani ya kofia. Na yeye anapita vioo yote wazi, ine yote, kiti iko inalowa. Gari ya milioni ngapi ile? Nikasema, watu wenye gari hawajui mvua ni nini." Alicheka kidogo, akakumbuka maiti, akaacha.

"Na Mama Akoth na Dennis walikuwaje?"

Salvator alisita. "Jana waligombana. Nilisikia mpaka hapa. Mama alisema, 'Utatuua sote, Dennis, achana na mimi.'"

Askari mmoja alikuja na mchi wa chuma, mzito, mfupi. Ulikuwa umeoshwa, lakini kwenye ufa wa kishikio palibaki damu. Ulitoka kwenye rafu ya chumba cha kuchemshia majani ya dawa.

Mwenye chumba hicho alikuwa Oswald, Mtanzania, mkemia. Alirudi saa nane kutoka Nyabugogo na magunia mawili ya majani yaliyoletwa na basi. Alipoambiwa habari alikaa juu ya gunia moja, akalia waziwazi. Kisha akajifuta, akasema ulizeni.

"Mchi ni wako?"

"Wangu."

"Saa tano ulikuwa wapi?"

"Nyabugogo, nabishana na wapagazi. Waulize. Nimemwita mmoja mwizi mbele ya stendi nzima."

"Mchi wako umeua mtu."

"Mkuu wangu, huo mchi huwa naweka rafu ya juu. Mmeukuta rafu ya chini. Mimi nikiua kwa mchi wangu mwenyewe, nikauosha, kweli nitakosea pa kuurudisha?"

Kwenye jiko palikuwa na sufuria kubwa la maji ya kijani yaliyochemka na kupoa. Oswald alichovya kidole, akaonja, kama mpishi anayeonja mchuzi huku akiwaza mengine. Jean-Berchmans alimtazama.

"Hiyo ndiyo dawa?"

"Ndiyo yenyewe. Onja. Chungu kama shubiri, lakini haijaua mtu."

Jean-Berchmans alionja. Ulimi ulikaza. Ilikuwa chungu, lakini uchungu wa majani tu.

"Nani anaitia kwenye chupa?"

"Mkubwa mwenyewe, ofisini kwake. Zamani tulijaza wote. Mwezi wa kwanza dawa iligoma, mayai yakawa yanapasuka kama hatujaweka kitu. Nikadhani ni majani, tumeuziwa mti mwingine. Yeye akasema ni vipimo, akajifungia ofisini, na mwezi wa pili ikakubali tena." Oswald aliinua mabega. "Vipimo hajaniambia. Ndio ukubwa."

Saa kumi jioni Jean-Berchmans alimhoji Pamela kituoni. Alama za vidole vyake zilikuwa kwenye ile chupa ya kahawia. Sketi yake ilinuka. Aligombana na marehemu. Alikuwa peke yake na maiti.

"Kwa nini mligombana?"

"Mambo ya kazi."

"Kazi gani?"

"Afande, nina watoto Kisumu wanaokula kwa huu mkono. Mimi sijaua mtu. Zaidi ya hapo sina maneno."

"Ukinyamaza utafunguliwa mashtaka Jumatatu."

"Nikiongea pia nimekwisha," alisema Pamela.

Alimweka ndani. Ushahidi ulitosha kumweka, naye alijua wazi kwamba hautoshi kumfunga. Lakini alijua pia kitu kingine, na alikijua akiwa njiani kurudi Rwezamenyo: kama muuaji ni Pamela, dawa itaanza Jumanne. Kama muuaji ni mtu mwingine wa maabara ile, haitaanza. Alikuwa anataka awe Pamela. Alijisikia vibaya, akaendelea kutaka.

Jumapili baada ya misa, Daktari Eustache alibisha hodi nyumbani kwao.

Gaudiose alifurahi mpaka akasahau kitambaa cha kichwani. Alizaliwa na kukulia Bujumbura, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Buyenzi, na ugonjwa haukumpunguzia maneno.

"Karibu, Daktari. Ukikaa kwenye hicho kiti usiegemee, mume wangu amekitengeneza mwenyewe."

Alileta umutobe, juisi ya ndizi aliyoikamua dada yake. Alimimina kwenye glasi, akapiga funda moja mbele ya mgeni, kisha akamkabidhi, kama ilivyo kawaida. Daktari alipokea kwa mikono miwili akanywa.

"Nimesikia yule mwanamke mmemkamata," alisema.

"Yuko ndani," alijibu Jean-Berchmans.

"Inauma. Lakini afadhali imejulikana mapema." Alitoa chupa mfukoni, imefungwa vizuri, akaiweka mezani. "Mama Annick, wewe usingoje Jumanne. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usimwambie mtu, wenzako watasema nina upendeleo."

Gaudiose aliishika ile chupa kwa mikono yote miwili.

Mgeni alipoondoka alichukua kijiko, akafungua kizibo, akamimina. Mumewe alikuwa amekaa mkabala naye. Kijiko kilijaa. Aliona mifupa ya kifundo cha mkono wa mkewe, akaona jinsi alivyokuwa anatabasamu.

"Baba Annick, ona watu wa siku hizi," alisema Gaudiose. "Mimi juisi yangu ya ndizi nimemwonjea. Yeye dawa yake kaionja nani?"

Alikuwa anatania. Alikuwa ameshainua kijiko.

"Weka chini," alisema Jean-Berchmans.

"Nini?"

"Mama Annick, weka kijiko chini."

Alikiweka. Yeye akachovya ncha ya kidole kwenye kijiko, akagusisha ulimi. Uchungu wa majani ulikuwapo, uleule wa sufuria la Oswald. Chini ya uchungu palikuwa na kitu kingine. Ladha ya msumari. Aliinuka akatema nje, akasukutua mdomo mara nyingi.

"Iko nini?" aliuliza Gaudiose, sauti imekauka.

"Sijui bado."

"Unajua. Nakujua wewe."

"Sijui bado. Asiguse hii chupa mtu yeyote." Aliifunga akaitia mfukoni. Mkewe alimtazama akiitoa mezani kama mtu anayetazama basi linaloondoka na mzigo wake.

Kituoni alimkalisha Pamela kwenye benchi, akamnunulia chai na chapati, akamngoja ale.

"Sitakuuliza kama uliua," alisema. "Naona hukuua. Nataka unifundishe. Jana mezani palikuwa na visahani viwili. Kimoja mayai mazima, hakina harufu. Kingine mayai yamepasuka yote, na kinanuka kama chupa yako. Dennis alikuwa anafanya nini?"

Pamela aliacha kutafuna. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika.

"Kumbe alifanya," alisema. "Mjinga yule. Nilimwambia asifanye."

"Nieleze kama mtu wa darasa la sita. Huko ndiko nilikoishia."

"Yai la chura halina milango ya maji, Afande, au linayo michache sana. Ndiyo maana linakaa bwawani halipasuki. Sisi tunalidunga maelekezo ya ule mlango, tuliyoyatoa kwenye saratani ya mtu. Baada ya siku mbili yai linajijengea milango ileile. Sasa ukilitia kwenye maji matupu, maji yanaingia kwa nguvu, linavimba, linapasuka. Ukiweka dawa nzuri ya kuziba milango, halipasuki."

"Na dawa ya Daktari inaziba."

"Inaziba vizuri mno. Hilo ndilo lilimsumbua Dennis. Kuna kitu kimoja kinachoziba hivyo, na kila mtu wa kazi hii anakijua. Zebaki." Alishusha sauti. "Zebaki inakaa kwenye mlango kama kijiti kwenye tundu la kufuli. Lakini hiyo dawa yangu ya kunuka inakichomoa kijiti. Ukiosha yai nayo, mlango unafunguka tena, yai linapasuka. Kwa hiyo ukitaka kujua kama dawa ya mtu ni zebaki, chukua mayai yaliyogoma kupasuka, yaoshe kwa ile chupa, yarudishe majini. Yakipasuka, ni zebaki."

"Ijumaa Dennis alikuomba hiyo chupa."

"Akaniomba. Nikamwambia achana na mimi, tutafukuzwa, utatuua sote. Asubuhi ya umuganda hakuna mtu, akaichukua mwenyewe."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Niseme nini? Kwamba daktari mkubwa anayeonekana kwenye televisheni anawanywesha watu zebaki? Mimi, fundi, mgeni, na sina hata tone la ushahidi? Boksi lote alilichukua. Chupa atakazoleta Jumanne zitakuwa na maji ya majani tu, na mimi nitakuwa muuaji na mwongo."

"Zebaki inamfanya nini mgonjwa?"

"Milango haiko kwenye saratani peke yake. Figo ndizo zenye mingi. Zinaanza figo."

Jean-Berchmans alitoa chupa mfukoni, akaiweka kwenye benchi kati yao.

Pamela aliitazama. "Umeipata wapi?"

"Ameniletea nyumbani. Zawadi."

Jumatatu saa nne asubuhi walikuwa watano katika chumba cha mayai: Jean-Berchmans, Pamela aliyefunguliwa pingu mlangoni, Oswald, Daktari Eustache, na askari mmoja aliyesimama nyuma. Sakafu ilikuwa imesafishwa lakini harufu haikuisha.

"Nimeambiwa tunafunga uchunguzi," alisema Daktari Eustache. "Mbona mshtakiwa ana glavu?"

"Nataka anionyeshe kazi ya marehemu. Mimi ni mtu wa kuona kwa macho. Dakika chache tu, Daktari."

Pamela aliweka visahani viwili mezani.

"Hiki nimeweka maji ya sufuria la Oswald. Hiki nimeweka dawa ya kwenye chupa."

"Chupa gani?" aliuliza Daktari Eustache.

"Ya mke wangu," alisema Jean-Berchmans.

Pamela alihamisha mayai yote kwenye maji matupu. Walingoja. Mvua ya juzi ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye bomba la bati nje. Mayai ya kisahani cha kwanza yalianza kuvimba, yakang'aa, kisha yakaanza kupasuka moja baada ya jingine, na maji yakawa uji. Ya kisahani cha pili yalikaa kimya, mviringo, mazima.

Oswald aliinama akatazama. "Maji yangu hayazibi kitu," alisema polepole. "Miezi yote hii hayazibi kitu."

"Ndiyo maana nilirekebisha vipimo," alisema Daktari Eustache. "Hii inathibitisha kazi yangu. Dawa inafanya kazi."

"Endelea, Mama Akoth," alisema Jean-Berchmans.

Pamela alifungua chupa ya kahawia. Harufu iliwapiga usoni. Aliyaosha yale mayai mazima, akayarudisha kwenye maji.

Safari hii hakuna aliyetazama visahani. Walimtazama Daktari Eustache. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anatazama mayai, na midomo yake ilikuwa inasogea kama ya mtu anayesali. Mayai yalivimba. Yakapasuka.

"Dennis aliona hiki Jumamosi," alisema Jean-Berchmans. "Na wewe ulimkuta anakiona."

"Sikuingia humu. Nimekwisha sema. Hata harufu haikuwapo."

"Haikuwapo?"

"Haikuwapo nilipotoka."

"Sasa kwa nini ulitoka getini na vioo vyote vinne wazi, mvua inanyesha, kiti kinalowa? Salvator alidhani hujui mvua. Ulikuwa unajua. Ulikanyaga kilichomwagika, ukaingia nacho garini, na ndani ya gari hukuweza kupumua. Leo asubuhi nimechungulia gari lako. Mazulia matatu ya miguuni yapo. La dereva halipo. Jumamosi ulirudi hapa na suti na marashi, siku ambayo Kigali nzima ina matope. Na mchi, mkemia wako huuweka rafu ya juu. Wewe uliuweka ya chini kwa sababu hukuwahi kuponda majani yako mwenyewe."

"Haya ni maneno."

"Basi yakatae." Jean-Berchmans alichukua kijiko mezani, akamimina dawa kutoka kwenye chupa ya mkewe, akakinyoosha. "Wewe ni Mnyarwanda, mimi ni Mnyarwanda. Mwenye kinywaji huonja kwanza. Jana ulikunywa kwangu baada ya mke wangu kukuonjea. Onja."

Kijiko kilikaa hewani. Askari wa nyuma alisogea hatua moja.

Daktari Eustache alikitazama kijiko, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alikaa kwenye kigoda cha Dennis.

"Mwanzoni ulikuwa mti wa kweli," alisema. "Oswald, uliona mwenyewe. Majani ya mwaka jana yaliziba."

"Niliona," alisema Oswald.

"Nikatangaza. Nikaitwa kila mahali. Halafu majani mapya hayakufanya kitu, na wagonjwa wameshaandikishwa, wizara inangoja, wafadhili wanangoja. Nikasema nitie kidogo tu, inishikilie mpaka nijue majani yana nini. Nilitaka muda. Jumamosi nilikuta Dennis ana visahani viwili, anacheka kama mtoto aliyekamata mwizi. Akasema atawapigia wagonjwa wote siku ileile. Nikamwomba wiki moja. Akanigeuzia mgongo akachukua simu. Nikaenda kuleta mchi."

"Ulitoka humu, ukaenda chumba cha pili, ukarudi," alisema Jean-Berchmans. "Ulikuwa na muda wa kughairi."

"Panya," alisema Oswald ghafla. "Panya tuliowajaribia dawa walikuwa wanakufa figo. Ukaniambia ni chakula kibovu. Nikabadilisha chakula."

"Kiasi kilikuwa kidogo sana kwa mtu," alisema Daktari Eustache. Alimwinulia uso Jean-Berchmans. "Haingemuua mkeo."

"Asubuhi na jioni," alisema Jean-Berchmans. "Ulisema asubuhi na jioni."

Alimwashiria askari. Pamela alikuwa anavua glavu, kidole kimoja kimoja. Alipomaliza alifungua dirisha, akasimama pale akipumua.

"Hii milango," Jean-Berchmans alimuuliza Oswald walipobaki. "Nayo ni uongo?"

"Hapana, mkuu wangu. Milango ni ya kweli. Saratani inaitumia kweli. Kuna watu duniani wanatafuta cha kuiziba bila kuua figo. Hawajakipata. Na sisi hatujakipata."

Alifika nyumbani saa kumi. Gaudiose alikuwa amekaa barazani na kitambaa kichwani, mikono mapajani. Hakuinuka.

"Yamepasuka?" aliuliza. Jana usiku alikuwa amemlazimisha mumewe amweleze habari ya mayai.

"Yamepasuka yote."

"Sasa ni yeye."

"Ni yeye. Ilikuwa sumu, Mama Annick. Hakuna dawa. Ilikuwepo kidogo mwaka jana, sasa haipo."

Gaudiose alitikisa kichwa mara kadhaa, polepole. Barabarani mtu alikuwa anasukuma baiskeli yenye ndizi. Alimfuata kwa macho mpaka akapinda kona.

"Mizunguko miwili nimeruka," alisema.

"Na mimi nilikuacha uruke."

"Tuliruka wote." Alishika ukingo wa kiti, akasimama kwa shida, akakataa mkono wake. "Kesho saa moja unanipeleka kwenye dripu. Nitatapika kwenye gari la serikali, uwaambie mapema."

"Nitawaambia."

Aliingia ndani. Jean-Berchmans alisikia kikombe, kijiko, thermosi ikifunguliwa. Alirudi na chai ya maziwa, imejaa. Alisimama mbele yake, akapiga funda moja, akameza, akangoja kidogo huku akimtazama usoni, kisha akampa kikombe.

Jean-Berchmans alikipokea kwa mikono miwili, akanywa.